Matamasha ya chakula yatuache tuonje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wanaoandaa matamasha ya chakula ya kila mwaka hapa Dar es Salaam. Wao wanayaita ya chakula, lakini mimi mlaji nikifika naona jukwaa la muziki lililozungukwa na majiko. Unalipa kiingilio getini, unapanga foleni jua likikuchoma utosi, halafu unaambiwa nyama ni kwa kilo na kuku ni nusu au mzima. Ukiimaliza sahani hiyo moja tumbo limejaa na pesa imekwisha. Vibanda vingine utaishia kuvinusa.

Binti yangu anaishi Chicago, Marekani, na nilipomtembelea alinipeleka kwenye Taste of Chicago. Tamasha hilo lilianza tarehe 4 Julai 1980 katika barabara ya Michigan Avenue, na mwaka uliofuata likahamia Grant Park, kando ya ziwa. Linaandaliwa na jiji lenyewe na kuingia ni bure. Kilichonifurahisha zaidi ni vipimo. Mbali na sahani kamili, wauzaji wana vionjo: kipande kidogo cha piza yao nene, ubavu mmoja wa nyama, vijiko viwili vya wali wa Kihindi, kwa bei ndogo. Sisi tulimega, tukapeana, tukahamia kibanda cha pili, na hata mimi ambaye daktari amenikataza mengi nilitoka nimeonja karibu bara zima. Binti ananiambia kwamba zamani watu walinunua mikanda ya tiketi na kuchana moja moja kibandani, kwa hiyo mkono unaopakua chakula haukushika noti.

Sisemi kule ni peponi. Mwaka 2007 mamia ya watu waliugua kwa salmonella, bakteria wanaoharisha, kutokana na chakula cha kibanda kimoja. Yametokea kwenye jiji lenye wakaguzi wa afya wa kutosha, sasa sisi tunaokijua kipindupindu tangu utotoni tunathubutuje kuweka ndoo moja yenye koki kwa uwanja mzima? Nimeshaona sabuni imeisha saa nane mchana na watu wanaendelea kula kwa mikono.

Kuhusu kiingilio, waandaaji watasema bila hicho hawalipi gharama. Mabango ya bia na ya kampuni za simu yaliyojaa uwanjani yanalipiwa na nani? Na kodi ya kibanda je? Hiyo kodi ndiyo inayowafukuza mama lishe, tukabaki na hoteli zilezile na mishkaki ileile, wakati jiji hili limejaa watu wa kila mkoa. Mimi nataka nimkute mama wa Kichaga na sufuria la mtori, kijana wa Bukoba na senene waliokaangwa vizuri, Mzanzibari na urojo, na mzee wa supu ya pweza ambaye jioni huwa namkuta kando ya barabara. Kila mmoja auze bakuli dogo kwa buku au buku mbili. Anayetaka kushiba kwa sahani moja anunue sahani, hakuna atakayemzuia.

Naiomba Halmashauri ya Jiji ijaribu mwaka mmoja tu pale Mnazi Mmoja, ambapo mwendokasi hupita jirani na hakuna atakayehangaika na maegesho. Kila kibanda kipangiwe kipimo cha kuonja na bei yake ibandikwe mbele, maji yawe ya bomba, na mama lishe wapewe safu yao kwa kodi wanayoiweza. Muziki uwepo, ila spika zisielekezwe kwenye meza za kulia. Mwaka jana nilimwagiza mhudumu ndizi nyama, akaniletea maini.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam