Gesi ya magari Poland bado inatubeba

Ndugu mhariri, naendesha teksi ya gesi hapa Warsaw na naomba nafasi, maana watu nyumbani wanadhani Ulaya kila mtu ashahamia gari za umeme. Si kweli, Poland pekee kuna gari zaidi ya milioni 2 zinatumia LPG (gesi ya kimiminika, kama ile ya mitungi ya kupikia), lita inauzwa karibu nusu ya bei ya petroli, na hata kama injini inakula lita nyingi zaidi kidogo bado kwa dereva wa kipato cha chini tofauti ni kubwa sana. Tarehe 20 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuingiza LPG ya Urusi, na Poland ndo ilikuwa mnunuzi mkubwa, tukaogopa pampu zitakauka, lakini gesi ikaja kwa meli toka Sweden na Marekani, bei ilipanda ila haikufika kule tulikoogopa. Sasa kinachoniumiza kichwa ni hii tozo mpya ya kaboni kwenye mafuta, yaani malipo kwa hewa ya kaboni inayotoka mafuta yakiungua, inayopangwa kwenye Umoja wa Ulaya mzima. Gesi inatoa kaboni kidogo kuliko petroli, kwa hiyo wasitubebeshe mzigo sawa na wenye magari makubwa ya petroli.

Dereva wa teksi, Warsaw