Tuliyoyakuta Rwanda

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako habari ya Rwanda, nchi ambayo wengi wetu hapa Amu, yaani Lamu, huitaja kwa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na umaskini pekee. Nilikwenda huko kujitolea katika kituo cha afya, pamoja na wenzangu waliobeba dawa na nasaha tele, kana kwamba wenyeji walikuwa wakitungoja sisi. Tulikuta kwamba tangu mwaka 2016 damu ya kuwaongezea wagonjwa hufikishwa katika hospitali za mashambani kwa ndege zisizo na rubani, ilhali mama mjamzito wa Kizingitini, kisiwani Pate, anayehitaji kufika hospitali ya Amu bado hutegemea chombo na hali ya bahari. Mifuko ya plastiki nayo waliipiga marufuku mwaka 2008, miaka tisa kabla yetu sisi Wakenya. Umaskini upo, sikatai. Mashamba ya milimani ni madogo na watu ni wengi. Hata hivyo, serikali yetu ya kaunti ingefanya vyema kuwatuma wauguzi wake wakajifunze jinsi damu hiyo inavyoagizwa na kusafirishwa.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu