Barua ya wazi kwa vijana wa zawiya yetu: ndago hazingoji mmalize uradi

Wajukuu zangu, asalaam aleikum.

Jumamosi iliyopita nilikwenda shamba la wakfu, lililotolewa kwa ajili ya dini, kule Zinga. Mahindi yamepauka, magugu ya ndago yametanda kama mkeka, na wanaopalilia ni wanawake wawili wa rika langu na mtoto mmoja wa chuo cha Kurani. Nikauliza vijana wako wapi, nikajibiwa wako kwenye uradi, dhikri zenu za kila siku. Saa nne napita zawiyani, nyumba yetu ya dhikri, uradi umekwisha zamani. Mmejilaza, tasbihi mkononi, simu usoni. Mmoja wenu akathubutu kunijibu, "Bibi, tuko kwenye ibada."

Ibada ipi hiyo? Suratul Jumua mmeihifadhi wote. Aya ya 10 inasema swala ikishakwisha mtawanyike katika ardhi, mtafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Haikusema mjilaze. Nabii Daudi alikuwa mfalme na bado alikula jasho la mikono yake, Mtume wetu (S.A.W.) ndiye aliyetueleza. Na hapa hapa Bagamoyo, Sheikh Yahya bin Abdallah, huyo Sheikh Ramiya mnayemrehemu kila siku, aliletwa mtumwa kutoka Manyema, huko Kongo ya mashariki, angali mtoto. Akafanya biashara ya samaki, akamiliki minazi, na akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria hadi alipofariki mwaka 1931. Nyinyi mnaojiita watu wa njia yake mmeshindwa na ndago!

Tena ndago hamzijui. Ukizifyeka juu juu zinachipua upya baada ya siku chache, maana tunguu zake ziko chini. Lazima jembe lizame uzichokoe. Mahindi nayo yakisongwa wiki za mwanzo hayainuki tena, hata mje kupalilia mwezi mzima. Njaa ya chuo mnaipanda sasa, halafu mwezi wa nane mtapita na bakuli kwa matajiri.

Sisemi muache uradi. Wallahi nikisikia kasida zenu usiku machozi hunitoka. Lakini kutoka alfajiri hadi saa nne jua halijawa kali, na adhuhuri iko mbali. Someni uradi mfupi, mrefu uwekeni baada ya isha. Chukueni dumu la maji ya udhu na mkeka, mswali huko huko. Na wale wachache wanaolima hadi alasiri inawapita, nao nimewaona. Jembe si udhuru.

Mkivuna, toeni zaka siku ile ile: asilimia 10 kwa kilichomea kwa mvua, asilimia 5 kwa cha kumwagilia kwa gharama, kikifika kiwango cha kutolewa zaka. Daftari la mavuno lishikwe na watu wawili. Ndege akidonoa punje mbili tatu msimlaani, hiyo ni sadaka yenu.

Wazazi nao nina neno nao. Mnaleta mtoto chuoni mnasema, "Ustadhi, huyu asiguse udongo, nataka awe shekhe." Shuleni mtoto akikosea hupelekwa shamba kama adhabu, nyumbani anaambiwa kulima ni kwa walioshindwa maisha. Atalipendaje jembe? Na waheshimiwa wanaoleta kilo 50 za mchele na mpiga picha, siku ya palizi hatuwaoni hata kivuli.

Kuna jambo linaloninyima usingizi. Madalali wa viwanja wameshaanza kupita barabara ile. Wakfu hauuzwi, sheria ya dini iko wazi, lakini shamba likigeuka pori kila mtu hujifanya halijui lina mwenyewe. Mashamba mangapi ya wazee wetu leo yana kuta na mageti? Pori ndilo linalowaita.

Basi Jumamosi hii, baada ya alfajiri, tukutane Zinga. Atakayekuja na simu aikabidhi kwangu. Mwenye jembe lisilo na mpini apite nyumbani Ijumaa baada ya swala, marehemu babu yenu aliacha mipini kadhaa ya mpingo darini. Uji nitapika mimi, na atakayelala zawiyani asitume mtu kumchukulia.

Bibi yenu, Bagamoyo