Barua kwa vijana wanaochora mandhari hapa Lubumbashi

Wanangu,

Jumamosi nilipita pale mnapotundika kazi zenu ukutani, nikahesabu picha kumi na moja za milima yenye theluji. Theluji ya wapi, baba? Sicheki, maana nami nilianza hivyohivyo. Chuo sikukiona, nilinakili kalenda kwa rangi iliyobaki ya milango, juu ya mfuko wa unga uliofuliwa na kuwambwa kwenye mbao nne. Siku moja mama muuza makala, yaani mkaa, akasimama, akatazama, akauliza: "Kijana, hapa ni wapi?" Nikakosa jibu. Hakununua.

Waliotutangulia hawakuhitaji theluji. Albert Lubaki wa Bukama alikuwa mchonga pembe za ndovu, na picha zake zilifika Brussels mwaka 1929. Hapa mjini, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana ya uchoraji ya Hangar mwaka 1946, hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wanakili. Mwanafunzi wake Bela akaacha brashi, akapaka kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta. Mwenzake Mwenze akajaza vistari vifupi vifupi. Kazi zao, huna haja ya kutafuta sahihi ndipo uzijue.

Sasa rangi, maana hapo ndipo mnaponiudhi. Misitu yenu yote ni kijani kimoja, kama kilivyotoka koponi. Nendeni barabara ya Kipushi mwezi wa tisa, mvua haijanyesha: miombo inachipua majani mekundu, mengine kama shaba iliyotoka kusuguliwa. Kijani huja baadaye. Kichuguu nacho, asubuhi, upande wa jua kina waridi, kivulini kinaelekea zambarau. Chuma jani, liweke juu ya ubao wako, changanya rangi mpaka usijue jani liko wapi. Mimi hilo lilinila miaka.

Mtasema mteja anataka theluji. Kweli, na watoto wanataka bukari, ugali wetu. Basi chora moja ya bukari, nyingine yako. Ila msikawie: pale nilipochora ujanani leo ni visiki na majivu. Magunia ya yule mama, sikuelewa wakati ule, ndiyo yalikuwa msitu wenyewe.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa nitakuwa huko, saa kumi na mbili asubuhi, juu ya kichuguu kikubwa kushoto kwa barabara. Karanga ninazo. Atakayekuja na kopo la kijani nitalikalia mpaka jioni.

Muzee wenu