Kikao cha Jumapili

Hamjambo wenzangu. Jumapili baada ya alasiri tunakutana Lighthouse, ufukweni Mombasa, palepale kwa muhogo wa kukaanga. Zamu hii tunasikiliza albamu ya Bruno Mars, 24K Magic, ya 2016: nyimbo 9 tu, dakika 33 hivi, nyingi zikirudi kwenye R&B ya miaka ya 90 aliyokulia nayo Hawaii. Grammy ya albamu bora aliipata 2018. Kwangu mimi, wimbo wa mwisho, alioandika na Babyface mwenyewe, yule mtunzi mkongwe wa miondoko hiyo, ndio umebeba kazi nzima. Mnaobisha, njooni tubishane huko.

Kila mtu aje na wimbo mmoja uliokuwa ukipigwa kwenye matatu yake ya shule.

Na spika ichajiwe jamani! Juzi ilizima katikati, tukabaki kusikiliza mawimbi.