Barua ya wazi kwa vijana wa mtindo huru: bega likiuma, semeni

Wanangu waogeleaji,

Juzi nilikuwa ukingoni mwa bwawa kwenye mashindano ya watoto. Nikamwona binti mdogo akimalizia mita 200 huku mkono wake wa kulia unapanda kwa shida, akatoka majini amelishika bega. Kocha akatazama saa, akamwambia ajiandae kwa mita 400. Mzazi wake akapiga makofi. Hasira yangu haijatulia hadi leo.

Hakuna kiungo ambacho waogeleaji hukilalamikia kama bega. Katika mtindo huru, ule wa kuogelea kifudifudi mikono ikipokezana, mkono huzungushwa maelfu ya mara kwa wiki. Sasa uwe unauingiza majini ukikatiza mbele ya kichwa, unavuta pumzi upande mmoja tu, kiwiliwili hakijigeuzi, kisha uvishwe vibao vya mikononi, vile vya kusukumia maji mengi zaidi, kabla misuli haijakomaa! Bega litahimili vipi? Mnahimizwa kuvumilia, nami nawahimiza: vumilieni kuamka alfajiri, vumilieni maji ya baridi, vumilieni kushindwa. Lakini anayewafundisha kuficha maumivu hawatakii mema, hata akiwa na medali ukuta mzima.

Mmarekani Simone Manuel alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 100 huko Rio mwaka 2016, akigusa ukuta sawia na Penny Oleksiak wa Kanada kwa sekunde 52.70. Mwaka 2021, kwenye mchujo wa Marekani wa kuteua timu ya Olimpiki, alikosa hata fainali ya umbali huohuo. Akasimama mbele ya waandishi, akaeleza kwamba mwili wake ulikuwa umeelemewa na mazoezi kupita kiasi. Siku chache baadaye, katika mchujo uleule, akashinda mita 50. Bingwa wa Olimpiki amesema nimechoka. Wewe wa miaka 13 unamwogopa nani?

Tena mnaharakishwa kwenda wapi? Anthony Ervin alipata dhahabu ya mita 50 Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 19, akauacha mchezo kwa miaka mingi, akarudi, na Rio akaibeba tena akiwa na 35. Dara Torres alikuwa na miaka 41 alipoikosa dhahabu ya Beijing kwa 0.01 ya sekunde. Najua mtanitajia Katie Ledecky, bingwa wa mita 800 London akiwa na miaka 15. Haya, mtazameni vizuri: ameutwaa ubingwa huo tena Rio, Tokyo na Paris. Alitunzwa, akadumu.

Na sisi wakubwa tuna lawama. Tunahesabu medali za watoto wa miaka 12, tunasambaza picha zao, kisha wakiliacha bwawa wakiwa na miaka 17 hakuna anayeuliza wamepotelea wapi. Klabu inasajili wengine, maisha yanaendelea. Ni aibu.

Mengine nayataja tu. Laleni mapema. Jifunzeni kuvuta pumzi pande zote mbili. Msidharau kugeuka ukutani. Msimeze dawa msiyoijua, hata mkipewa na rafiki. Masomo msiyaache.

Ila kwa bega sina mzaha. Likiuma, toka majini siku hiyohiyo, mwambie kocha, kisha uonane na daktari. Kocha akikuzuia, mwambie mzazi. Ukimwogopa mzazi, mtafute mtu mzima yeyote unayemwamini pale bwawani, umwombe akusemee.