Familia hazikuwa wateja wa kwanza wa maduka ya uanachama

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie maduka ya jumla ya Marekani yanayouza kwa wanachama tu, ambayo jamaa zetu walioko huko huyasifu kwa unafuu wa bei. Wengi hudhani yalibuniwa kwa ajili ya familia kubwa, ilhali familia zilikaribishwa baadaye, tena kwa masharti.

Mwaka 1976 Sol Price na mwanawe Robert walifungua Price Club mjini San Diego, katika banda la ndege lililowahi kuwa la Howard Hughes, tajiri wa Marekani na mtengenezaji wa ndege. Walimlenga mfanyabiashara mdogo, mathalani mwenye mgahawa au duka la mtaani, ambaye alilipa ada ya dola 25 kwa mwaka, kisha akajichukulia mzigo mwenyewe kwenye machaga ya mbao na kuusafirisha kwa gharama yake. Wateja hao hawakutosha, na mwaka wa kwanza kampuni ilipata hasara ya dola 750,000. Ndipo waliporuhusiwa watumishi wa serikali na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, yaani watu wenye mshahara wa uhakika, ambao hundi zao hazikutazamiwa kukataliwa benki. Kwa maoni yangu, huo haukuwa ukarimu; ilikuwa ni hesabu, na hesabu nzuri.

Costco na Sam's Club zilifuata mwaka 1983, na miaka kumi baadaye Costco ikaungana na Price Club. Leo mtu yeyote anaweza kujiunga, lakini duka limebaki na umbo la mfanyabiashara: Costco huweka bidhaa kama 4,000 tu, nyingi katika vifurushi vikubwa, huongeza kidogo sana juu ya bei ya kununulia, na sehemu kubwa ya faida yake hutokana na ada. Mwenye mgahawa humaliza dumu la mafuta ya kupikia kwa siku chache na kurudishiwa gharama na walaji wake. Mama mwenye watoto wawili hana wa kumuuzia.

Kwa hiyo ningeomba waandishi wenu wa uchumi, wanapolinganisha bei za maduka haya na za maduka ya kawaida, wajumlishe pia ada hiyo, ambayo Costco iliipandisha hadi dola 65 mwaka 2024, pamoja na thamani ya vyakula vinavyoharibika ndani ya friji kabla ya kuliwa.

Msomaji wenu,
Morogoro